Siku Jirani Alipombeba Binti Yetu

Akina mama wenzetu, sisi tunaishi Kibaoni, mkoani Katavi. Huenda jina la kijiji hiki mmelisikia kwa kuwa ndiko alikozaliwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda. Kalamu imeshikwa na mama wa nyumba, lakini habari hizi ni za wawili, mke na mume, ndiyo maana tunasema "sisi". Mmoja wetu ana diploma ya uuguzi, mwingine ni mwinjilisti. Sote tulizaliwa Kenya, upande wa Kakamega, na tangu Januari 2014 kanisa letu la nyumbani limetutuma huku.

Watu wengi wakisikia neno mmisionari humfikiria Mzungu aliyevuka bahari. Sisi hatukuvuka bahari yoyote. Tulivuka mpaka wa Sirari kwa basi, tukalala Mwanza, tukaenda Tabora, na kutoka Tabora tukapanda treni hadi Mpanda. Tulikuwa na watoto wawili, mvulana wa miaka tisa na msichana wa miaka minne, pamoja na masanduku mawili ya bati na godoro moja lililofungwa kamba. Njiani tulikuwa tukiambiana, "Tanzania si ugenini. Kiswahili tunajua, ugali tunakula, tutaishi kama nyumbani." Kumbe tulikuwa hatujui tusemalo.

Nyanya ya kupikia mchuzi

Kiswahili ndicho kilichotutoa jasho kwanza. Kwetu mtu akiingia hotelini husema, "Leta chai," wala hakuna anayeudhika. Tulipomwambia hivyo mama ntilie mmoja pale Mpanda, alitutazama kama watu waliomtukana. Kijana aliyeketi karibu akatunong'oneza, "Semeni 'naomba'." Tukaomba, chai ikaja. Tulipomtuma mtoto sokoni kununua njugu, alirudi na njugu mawe, maana zile tulizozitaka sisi huku huitwa karanga. Na baba alipomtambulisha mkewe kanisani kwa kusema, "Huyu ni bibi yangu," vijana wa kwaya waliinamisha vichwa wakicheka, kwa sababu huku bibi ni mama wa baba au mama wa mama.

Ng'ambo ya barabara anaishi mama mmoja mzee, mjane, Mpimbwe wa hapa hapa. Siku ya tatu tangu tuhamie, binti yetu alimwona akipita na ndoo kichwani, akamwita kwa furaha, "Nyanya! Nyanya!" Kwetu ndivyo mtoto amwitavyo bibi yake. Mama yule akatua ndoo, akajitazama, akauliza, "Mimi ni nyanya ya kupikia mchuzi?" Akacheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo majirani wakamwita Nyanya wa Wakenya, naye akalipokea jina.

Ni yeye pia aliyetufundisha kuamkia. Watoto wetu walizoea kumwambia kila mtu "habari", awe mkubwa au mdogo. Jioni moja Nyanya alikuja, akakaribishwa kiti, akauliza kwa upole kama watoto wana homa. Tulishangaa, tukamwuliza kwa nini. Akajibu, "Naona wananipita bila shikamoo. Nikasema moyoni, labda wanaumwa." Usiku ule tuliketi na watoto wetu mezani tukafanya mazoezi ya shikamoo na marahaba, wazazi na watoto pamoja.

Shuleni kijana wetu aliteseka zaidi. Alizoea kujifunza hesabu kwa Kiingereza, na sasa ilimbidi kuanza upya na kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kwa majuma kadhaa alirudi nyumbani analia. Tulimwambia avumilie kwa ajili ya kazi ya Mungu. Leo tunajua kwamba mtoto wa miaka tisa anapolia, kwanza anataka kufutwa machozi.

Mlango wa mbele

Muuguzi kutoka nchi nyingine haruhusiwi kufanya kazi Tanzania mpaka asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na familia nzima huhitaji vibali vya kuishi nchini. Kwa hiyo mwaka wa kwanza mama wa nyumba hakushika sindano. Aliwafundisha wanawake kanisani mambo ya uji wa lishe, chandarua na kliniki ya wajawazito. Mwaka 2015 tulimpata kitinda mimba wetu, mtoto wa Kibaoni. Usajili ulipokamilika, mama akaanza kujitolea siku tatu kwa juma, na siku nyingine kwenda vijijini na akina mama wa kanisa kufundisha afya.

Basi ikawa nyumba yetu haina mlango. Hodi ya kwanza ilikuja kabla jua halijachomoza: mtoto anaharisha, mama ana uchungu, mzee amejikata na jembe. Hodi ya mwisho ilikuja tumeshazima taa. Baba naye alikuwa akiitwa kwenye misiba, kwenye ugomvi wa ndoa na kwenye maombi ya usiku. Tulijisifu moyoni. Tuliwaandikia waliotutuma barua ndefu za kuwaeleza tulivyohudumia watu wengi. Katika barua hizo watoto wetu walipata mstari mmoja mwishoni: "Watoto hawajambo na wanawasalimu."

Siku moja binti yetu, wakati huo ana miaka sita, alichomwa na mwiba mguuni. Mama alikuwa sebuleni na wagonjwa wawili. Binti alisimama jikoni kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, nizunguke nikapige hodi mlango wa mbele?" Wagonjwa wakacheka, na sisi tukacheka. Tulikuja kulikumbuka neno lile baadaye, wala hatukucheka tena.

Kulikuwa na kosa lingine ambalo hatukuliona kuwa kosa. Majirani walituletea vitu: mchele mpya wakati wa mavuno, kuku, mahindi mabichi. Sisi tulijiwekea sheria ya kutomlemea mtu. Tulishukuru, kisha tukarudisha, au tukalipa kwa siri. Nyanya alipotuletea wali kwenye bakuli lililofunikwa kwa kawa, tulilirudisha bakuli saa ile ile, na wali ukiwa ndani, tukimwambia ale yeye na wajukuu wake. Hakusema kitu. Alilipokea kwa mikono miwili, akaenda zake. Fedha zetu za matumizi zilipochelewa, tulikula ugali na dagaa bila kumwambia mtu, tukidhani hakuna ajuaye. Akina mama wenzetu, kijijini hakuna asiyejua jirani amepika nini.

Jumatano moja ya mvua

Ilikuwa Machi 2017, mvua zikinyesha kila siku. Jumanne jioni binti yetu, sasa ana miaka saba, alisema kichwa kinamwuma. Asubuhi ya Jumatano mwili ulikuwa wa moto kidogo. Muuguzi wa nyumba hii alimpa dawa ya kutuliza homa, akamwambia alale. Kijana wetu akabakizwa nyumbani asiende shule ili amwangalie. Baba alikwenda mazikoni, na mdogo wao alipelekwa kwa jirani. Mama alikwenda kijiji kingine kufundisha, na somo la siku ile lilikuwa hili: mtoto akiwa na homa, asikae nyumbani, apelekwe kupimwa damu ndani ya saa 24. Somo hilo lilifundishwa vizuri, na akina mama wakauliza maswali mengi.

Nyumbani, yapata saa saba mchana, binti yetu alipatwa na degedege. Kaka yake, mtoto wa miaka kumi na miwili, alimwona dada yake akikakamaa na macho yakigeuka. Akatoka mbio kwenye mvua kumwita Nyanya.

Wengi wenu mnajua jinsi wazee wetu walivyoiogopa degedege. Katika vijiji vingi watu wamesadiki kwamba ni kazi ya mashetani, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Hivyo hupelekwa kwanza kwa mganga, na muda unapita. Lakini Nyanya alikuwa akiketi nyuma kabisa kila tulipofundisha kanisani, kimya, akichambua mboga zake. Hakuuliza njia ya kwa mganga. Alimfunga binti yetu mgongoni kwa kanga, akamsimamisha kijana wa bodaboda, akapanda, ingawa maisha yake yote alikuwa amekataa kupanda pikipiki. Wakaenda kituo cha afya.

Kipimo cha haraka cha damu kilionyesha malaria, na ilikuwa malaria kali. Sukari mwilini ilikuwa imeshuka. Alichomwa sindano ya artesuneti na kuwekewa dripu.

Mama alirudi saa kumi, akakuta mlango wazi, na sufuria ya uji imeungua jikoni. Jirani mmoja akamwambia. Alikimbia katika matope na viatu mkononi. Alipofika wodini alimkuta Nyanya ameketi kitandani, kichwa cha mtoto kikiwa mapajani mwake, na kanga yake imelowa mkojo na matapishi. Mama hakuweza kusema neno. Nyanya ndiye aliyesema: "Si wewe uliyetufundisha, mwanangu? Ulisema degedege ni hospitali. Nami nikamleta."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu daftari lake. Sisi tumewahi kuhubiriwa mahubiri mengi, lakini hakuna lililotushusha kama hilo. Mwanafunzi alikuwa ameshika somo, na mwalimu alikuwa ameliacha nyumbani kwake.

Bakuli la pili

Tulikaa kituoni siku nne. Katika siku hizo hatukuwa na nguvu ya kumkatalia mtu chochote. Akina mama wa kanisa walileta uji. Jirani yetu Mwislamu alituletea chakula cha jioni na kutufulia nguo. Mama mmoja wa Kisukuma, ambaye tuliwahi kumsaidia mara moja tu, alitembea kutoka pembeni ya kijiji akiwa na kibuyu cha maziwa. Watoto wetu wengine walikula na kulala kwa watu, nasi hatukujua hata ni kwa nani usiku upi. Tulipotaka kulipia bodaboda, yule kijana alikataa akasema, "Mama mwinjilisti, huyu ni mdogo wangu."

Tulipotoka, Nyanya alileta wali katika bakuli lile lile la kwanza. Tulikula wote, tukaumaliza. Bakuli lilikaa kwetu siku tatu, kisha tukamrudishia likiwa na karanga ndani, kama desturi inavyotaka. Alilifunua, akatazama, akasema, "Sasa mmehamia." Tulikuwa tumekaa Kibaoni miaka mitatu.

Lakini tusiwadanganye kwamba yote yalitengenea siku ile. Kwa miezi kadhaa binti yetu hakutaka mama atoke bila yeye. Kaka yake alikuwa akiamka usiku na kumgusa dada yake kama ana joto. Mama wa nyumba alishindwa kusimama mbele ya akina mama kufundisha. Maneno yalimkwama kooni. Mama mkwe kutoka Kenya alisema kwa simu, "Warudisheni wajukuu wangu." Tuliandika barua ya kuomba kurudi nyumbani. Tuliitia katika bahasha, tukaiweka ndani ya Biblia, na kila jioni tuliiona.

Mke wa daktari wa Karema

Agosti ya mwaka ule baba alikuwa na safari ya kanisa kwenda Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Tuliamua kwenda familia nzima. Huko Wabelgiji walianza kujenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe. Sisi si Wakatoliki, lakini tulitaka kuona mahali alipofanya kazi Adrian Atiman.

Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo, yapata mwaka 1866. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani. Mapadre walimkomboa huko Algeria, na baadaye akasomea utabibu kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na daktari, na alitibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67. Leo hospitali moja ya Sumbawanga ina jina lake. Kumbe kabla yetu alikuwapo Mwafrika aliyetoka mbali kuliko sisi, na ambaye hakuwa na basi la kumrudisha.

Atiman alioa huku huku, akamwoa Agnes, binti wa mtemi. Mwana wao, Joseph, alikuja kuwa padre. Katika habari tulizozisoma, daktari ameelezwa sana na Agnes kidogo sana. Tukiwa tumeketi ufukweni, watoto wakichezea maji, tulimzungumza mama huyo. Nani alikuwa akifungua mlango hodi ilipopigwa usiku? Nani aliacha chakula kipoe? Joseph alipougua, je, alimpata baba yake kwa urahisi kuliko wagonjwa wengine? Hatuna majibu. Lakini tuliona jambo moja: Atiman hakuishi Karema kama mgeni anayegawa dawa. Aliomba mke kwa watu wa pale, akawa na wakwe, akawa mtu wa kudaiwa na kudai, kulisha na kulishwa.

Tulikumbuka pia ile sura ya kumi ya Luka. Bwana Yesu alipowatuma wanafunzi wake, hakuwapa mifuko ya kugawa vitu. Aliwatuma mikono mitupu, wategemee nyumba zitakazowapokea. Sisi tulikuwa tumekuja na mikono iliyojaa mno hata hatukuweza kupokea bakuli la wali. Tuliporudi Kibaoni, tuliitoa ile bahasha katika Biblia tukaichana.

Msiba wetu

Tukapanga nyumba upya. Jumatatu yote ni ya watoto. Hata mwinjilisti haendi popote, labda kwa msiba. Wagonjwa wenye shida ndogo huelekezwa kituoni asubuhi badala ya kuamsha nyumba. Mtoto wetu akisema anaumwa, anapimwa siku ile ile, na yeye ndiye wa kwanza. Tulitangaza mambo haya kanisani, tukihofu watu watachukia. Mama mmoja alisema, "Tulikuwa tunajiuliza ninyi hamna watoto?"

Mwaka 2020 ulitupima tena. Mei mwaka huo, wakati wa Korona, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa wasafiri. Mpaka ukiwa bado umefungwa, mama mkwe, yule aliyetaka wajukuu wake warudishwe, alifariki. Hatukuweza kumzika. Tulilisikiliza kaburi likifukiwa kwa simu.

Tulipomaliza kusikiliza, tulitoka nje. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Mikeka ilikuwa imetandikwa, moto umewashwa, wanaume wamekaa upande wao na wanawake upande wao. Mtu alikuwa na daftari la rambirambi. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni, kanga kichwani, mahali pa mfiwa mkubwa. Alitwambia, "Mama yenu hana kaburi huku, lakini matanga anayo." Walikaa nasi siku tatu, wakiimba na kupika.

Akina mama wenzetu, si wote mtakaotumwa nchi nyingine. Lakini wengi wenu mmeolewa mbali, au mmemfuata mume kazini katika mkoa msioujua, au mnatumika kanisani mpaka nyumba inawasahau. Kwenu tunasema haya machache. Mtoto wako asipige hodi ili akupate. Homa ya mtoto wa mwalimu ni homa kama nyingine, ipimwe leo. Na jirani akikuletea chakula, pokea, ule. Ukikataa kila mara, unamwambia kwamba yeye hana kitu ambacho wewe unakihitaji.

Kijana wetu amemaliza sekondari. Kitinda mimba akiulizwa kwao ni wapi, hujibu "Kibaoni" bila kufikiri. Binti yetu siku hizi ni msichana mrefu wa sekondari, na bado humwita mama yule Nyanya, ingawa anajua vizuri maana yake sokoni. Miguu ya Nyanya haina nguvu tena, kwa hiyo kila jioni binti humchotea maji. Huingia kwa mlango wa nyuma, bila hodi, kama mjukuu.